Samaki wa Gati la Nyangwe

Siku za soko, kabla jua halijashika kasi, Dieudonnée alikuwa akipanda ngazi za gati la zamani la Nyangwe na kambale mmoja mkononi, mpaka mlangoni kwa Hawa. Hakupiga hodi. Alimlaza samaki juu ya jani la mgomba lililokuwa tayari kizingitini, akasema, "Wa gati huyu." Hawa akajibu kutoka ndani, "Gati limepokea." Baada ya hapo ndipo waliposalimiana kama watu, wakaulizana habari za watoto, za mgongo, za mvua. Mama zao walifanya hivyo hivyo, na nyanya zao pia.

Ungemuuliza mtu yeyote wa Nyangwe sababu ya samaki yule, angekujibu bila kufikiri. Gati lilijengwa na Faradji, mwungwana mkubwa wa enzi za misafara, na Hawa ni kitukuu wake. Ukoo wa Dieudonnée, tangu mababu, ndio unaofunga mitumbwi karibu kabisa na ngazi. Basi anayefunga karibu humshukuru aliyejenga, kwa samaki wa kwanza wa siku ya soko. Ni heshima tu. Watu wa Nyangwe wanapenda sana heshima za namna hiyo, labda kwa sababu hawakubakiwa na kingine kikubwa. Watakuambia mji wao ulikuwa mji Kindu ikiwa bado msitu, na usipoonyesha kushangaa watakuambia tena. Hapo ngazini, watasema, ndipo zilipopandishwa chumvi na nguo na shanga, na pembe za ndovu zikateremshwa. Halafu Wabelgiji wakaja na meli zao, meli zikachagua kutia nanga kwingine, gati likaachiwa wavuvi na wanawake wanaoloweka mihogo.

Chumvi, nguo, shanga, pembe. Hadithi huishia hapo. Watu waliopitishwa kwenye ngazi zile wakiwa wamefungwa shingo kwa shingo hawamo. Si kwamba Nyangwe haijui. Inajua vizuri sana, lakini katika mji ambamo wajukuu wa waliofunga na wajukuu wa waliofungwa wanachangia kisima, na matanga, na mara nyingine kitanda, hakuna mwenye akili anayetaka kuanza kuuliza nani ni nani.

Hawa alijua zaidi ya wengine, na huko kujua ndiko kulikomla. Alikuwa msichana mdogo pale nyanya yake, binti wa Faradji mwenyewe, alipokuwa akimpasua samaki wa gati, akasema bila kuinua uso, "Baba yangu hakubeba hata jiwe moja. Yale mawe yalibebwa na watu wa kufungwa. Mukubwa wao alikuwa Kalonda." Kalonda huyo alimzaa nyanya wa Dieudonnée. Hawa akauliza, kama ni hivyo, mbona wao ndio wanaoleta samaki. Nyanya akamtuma chumvi. Aliporudi na chumvi, mazungumzo yalikuwa yamekwisha, na hayakurudi tena mpaka bikizee yule anaingia kaburini.

Tangu siku hiyo samaki wa gati hakumshuka Hawa vizuri. Alikua, akasoma Kurani na madarasa machache ya misheni, akaolewa na Yakubu aliyekuwa akisukuma baiskeli ya mchele na mawese mpaka Kasongo, akazaa, akafiwa na Yakubu, akaishika mwenyewe biashara ya mchele. Katika yote hayo Dieudonnée alikuwa ubavuni pake. Alipojifungua Fadhili na homa ikamkausha maziwa, Dieudonnée, Mkristo mwenye rozari shingoni, ndiye aliyemnyonyesha mtoto pamoja na Héritier wake, mpaka shehe akatamka kwamba wavulana wale sasa ni ndugu wa ziwa moja. Na bado kila siku ya soko mwanamke yule yule alipanda ngazi zilizojengwa na mababu zake mwenyewe, kumletea shukrani mtu ambaye hakujenga kitu.

Hawa alipokea. Alikuwa na vinywa vya kulisha, hilo ni kweli. Kweli nyingine ni kwamba alipenda. Alipenda kuwa nyumba inayoletewa, alipenda wageni wakiona jani la mgomba pale kizingitini na kuuliza. Aibu na utamu vilipikwa chungu kimoja, naye alikula vyote viwili, kisha akashinda siku nzima hawezi kumtazama rafiki yake machoni.

Mwaka huu mto ulikula ukingo vibaya, na ngazi za chini zikaanza kuning'inia. Wana Nyangwe wanaokaa Kasongo wakaunda komite, wakatafuta simenti na fundi. Rais wa komite alikuwa Souleymane, mtoto wa kaka yake Hawa, mwenye duka la vipuri vya moto, yaani pikipiki, kijana mwenye moyo mzuri na sauti kubwa kuliko haja. Alikuja mwenyewe kumpa shangazi yake habari.

"Tantini, tutatengeneza gati yote. Na tutaweka kibao: Gati la Faradji. Siku ya kufungua utasema neno, wewe ndiye mukubwa wa nyumba."

Hawa alimkaribisha chai na asiinywe yake. Ilikuwa jambo moja kula samaki kimya kimya, na jambo jingine kabisa kuusimika uongo kwa simenti na kuupaka rangi.  Souleymane alidhani shangazi amezidiwa na furaha, akaenda zake akiwa ameridhika.

Siku ile ile alasiri Hawa aliteremka hadi kwa Dieudonnée. Alimkuta na binti yake wa mwisho, Sifa, wakisuka mkeka wa arusi. Sifa alikuwa amechumbiwa na Alain wa Lusangi, upande wa Kabambare, kijana mpole, mtoto wa Gaston, na Gaston ni wa nyumba ya machifu. Watu wa nyumba ile huuliza ukoo kabla ya kuuliza uzuri. Waliuliza, wakaambiwa kile ambacho ukoo wa Dieudonnée umekisema siku zote: kwamba Kalonda alitoka Kabambare kwa miguu yake mwenyewe, mvuvi aliyekuwa akiutafuta mto. Waliridhika, siku ikapangwa. Hawa aliposikia maneno hayo ya miguu yake mwenyewe aliona huruma, akaamini rafiki yake hajui.

"Wanataka kuandika jina ya Faradji ku gati," alisema.

"Waandike."

"Na kama haiko yeye alijenga?"

Mikono ya Dieudonnée ilisimama juu ya ukindu. "Hawa," alisema taratibu, "jina ni rangi tu. Mvua itakuja. Acha waandike."

Laiti Hawa angemtazama usoni. Lakini alikuwa na desturi yake ya kutomtazama, kwa hiyo alichosikia ni unyenyekevu, na unyenyekevu ule ukamchoma kuliko matusi. Aliinuka pale akiwa ameshaamua. Angeweza kumwambia hapo hapo, wanawake watatu juu ya mkeka, na jambo lingeishia mkekani. Ila siri iliyozeeka tumboni haitoki kwa kunong'ona. Alitaka mji mzima usikie. Alitaka kuuona uso wa Dieudonnée siku atakaporudishiwa babu yake mbele ya watu. Na, Mungu amsamehe, alitaka pia aonekane yeye, Hawa, mtu wa haki.

Siku ya kufungua gati, komite ilipanga viti vya plastiki ukingoni na kukifunika kibao kwa kitenge. Gaston alikuwepo, ameketi mbele, kwa sababu Dieudonnée alikuwa amemkaribisha: aje aone gati, kisha akale kwa wakwe zake watarajiwa. Mbuzi alikuwa tayari jikoni. Sifa alikuwa amesuka nywele upya na kila mtu alimtania. Souleymane alishika kipaza sauti akaeleza habari za chumvi, nguo, shanga na pembe, watu wakatikisa vichwa kama kawaida, kisha akamwita shangazi yake.

Hawa hakutaka kipaza sauti. Alisimama kwenye ngazi ya juu, akaomba dua fupi, akasema.

"Mimi ni mutu wa nyumba ya Faradji, na nitasema kweli. Faradji hakujenga hii gati. Ilijengwa na watu wenye aliwafunga minyororo, wenye alileta hapa kuuza. Mukubwa wao alikuwa Kalonda, nkambo ya Dieudonnée, babu ya ukoo yao. Alitekwa, akabeba haya mawe. Sisi tunakula samaki yao bure tangu zamani, na mimi nilikuwa najua. Jina ya kuandika ni ya Kalonda."

Maji yalisikika chini ya mitumbwi. Kisha mwalimu mmoja kijana akaanza kupiga makofi, wengine wakamfuata, na mwishowe ukingo mzima ukapiga. Wapo waliolia. Souleymane alikishusha kipaza sauti, hajui akiweke wapi. Hawa alijisikia mwepesi kuliko alivyowahi kuwa tangu usichana wake, na machozi yakamtoka, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi alimtafuta rafiki yake amtazame machoni.

Dieudonnée hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akimtazama Gaston.

Gaston aliondoka kitini bila haraka. Alikung'uta suruali, akavaa kofia, akamwambia mwenye moto aliyemleta maneno mawili, akapanda nyuma. Alimpungia Dieudonnée mkono kwa adabu zote. Mbuzi aliliwa na watu wengine, na Hawa alijiambia kwamba Lusangi ni mbali na huenda mzee yule anaogopa mvua. Alikula vizuri siku ile.

Siku ya soko iliyofuata alisikia hatua kwenye ngazi akashangaa. Dieudonnée alitokea na kambale wake. Alimweka juu ya jani, lakini hakusema ni wa gati. Aliketi kizingitini, mgongo kwa Hawa, uso kwa mto.

"Gaston alituma neno," alisema. "Nyumba yao haioe mutoto wa mutu wa kuuzwa."

Hawa alishika mwimo wa mlango. "Lakini nilisema kweli."

"Ulisema."

"Nilitaka kukurudishia kitu yako."

"Ulifikiri mimi sijui?" Dieudonnée hakupandisha sauti. "Kwetu mutoto wa kike akipata akili, hicho ndicho kitu ya kwanza anaambiwa, na anaambiwa afunge kinywa. Muke ya Kalonda alikuja hapa, ku huu mulango. Minyororo ilikuwa imekwisha, watu walikuwa wameanza kuulizana nani ni mungwana, nani alinunuliwa. Binti yake alikuwa wa kuolewa. Akamwambia muke ya Faradji: sisi tutasema Kalonda alikuja na miguu yake, ninyi mutanyamaza, na kila soko nitakuletea samaki ya kwanza. Muke ya Faradji akapokea. Wanaume waliambiwa ni heshima ya gati. Haikuwa ya gati, Hawa. Ilikuwa ya kinywa yenu."

Hawa alikaa chini. Alimkumbuka nyanya yake na kile kisu, na ile chumvi aliyotumwa. "Nyanya hakuniambia ile."

"Yako alikuambia nusu yenye inaleta haya. Yangu aliniambia nusu yenye inaleta woga."

"Ungenizuia."

"Nilikuambia waandike." Dieudonnée aliinuka, akafuta mikono yake kwenye kitenge. "Huyu ni wa mwisho."

Siri ya mtungi aijuaye kata, wahenga walisema, ila hawakusema kata ifanye nini ikishagundua kwamba imechota nusu tu. Hawa hakumgusa samaki yule. Nzi walimkusanyikia mpaka jirani akaja kumwondoa. Alikuwa amebeba hatia moja maisha yake yote, akaitua mbele za watu kwa makofi, na alipogeuka akakuta ameitua juu ya kichwa cha Sifa.

Kesho yake alimwambia Fadhili amtafutie moto wa kumpeleka Lusangi. Fadhili alisema mama, mgongo wako. Hawa alisema mgongo ni wake. Njia ilikuwa matope na madimbwi, aliteremka mara kwa mara ili dereva asukume, na njia nzima alikuwa akiupanga uongo wake. Mwanamke aliyeshindwa kuishi na uongo wa watu wengine sasa alikuwa akisuka wa kwake kwa bidii, akiukaza huku na kuulegeza kule, na haukumuuma hata kidogo.

Gaston alimpokea vizuri. Alimpa kiti na maji, akaketi mbele yake, akamsikiliza mpaka mwisho. Hawa alisema amezeeka. Alisema kichwa chake kinachanganya majina, kwamba aliyefungwa alikuwa mtu mwingine kabisa, kwamba Kalonda alikuja kwa miguu yake akiutafuta mto na kila mtu Nyangwe anajua. Aliapa. Uani Alain alikuwa akiosha pikipiki iliyokwisha kutakata, na hakuinua kichwa.

"Mama," Gaston alisema, "ungekuwa mutu wa uongo, hii arusi tungeifanya. Lakini hakuna mutu anasimama mbele ya watu wote, anachafua jina ya nkambo yake mwenyewe, na iko anadanganya. Ulijipiga wewe wa kwanza. Ndiyo maana tuliamini." Akaongeza kwa upole uliokuwa mbaya kuliko ukali, "Wewe ni mutu wa kweli. Hapa kwetu wote wanasema vile."

Alirudi Nyangwe akiwa na tope mpaka magotini. Kibao kilikuwa kimeshapandishwa: GATI LA KALONDA, kwa rangi ya buluu, herufi pana. Souleymane, ambaye mwanzoni aliona haya, alikuwa ameona haraka kwamba hadithi mpya inasifiwa kuliko ya zamani. Alipiga picha pale kwa simu yake, akazituma Kasongo, vijana wakaja kujipiga zao. Mji ulijipenda sana wiki zile kwa jinsi ulivyokuwa jasiri. Hakuna aliyeuliza arusi ya Sifa imefikia wapi, maana wote walijua, na maji yakishamwagika hayazoleki.

Ukoo wa Kalonda, uliofunga mitumbwi karibu kabisa na ngazi tangu mababu, uliihamisha. Waliipeleka chini zaidi, penye matope na matete, na Dieudonnée akawa anapanda ukingo huko kwa kushika mizizi, kapu la samaki mgongoni, ili asipite chini ya jina la babu yake. Sifa aliendelea kuuza samaki sokoni. Alimsalimu Hawa kila walipokutana, kwa heshima, hakuacha. Ila zamani alimwita mama mukubwa, na sasa alimwita Mama Hawa, kama anavyoitwa na wanunuzi wa mchele.

Hawa alivumilia siku za soko chache, anaketi kizingitini mbele ya jani tupu la mgomba ambalo mikono yake ilikuwa ikilikata bila kuulizwa. Mwishowe alishindwa. Alfajiri aliteremka gatini, akanunua kambale wa kwanza kwa wavuvi waliobaki, mkubwa, angali anapumua, akambeba yeye mwenyewe kupitia kule kwenye matope na matete mpaka mlangoni kwa Dieudonnée. Alikata jani njiani. Alimlaza samaki kizingitini, akatafuta neno la kusema, na neno pekee alilolijua la mahali kama pale lilikuwa lile la gati. Hakuthubutu kulisema.

Dieudonnée alitoka, akamtazama samaki, kisha akamtazama Hawa. Walitazamana machoni vizuri kabisa, hakuna aliyekwepa.

"Sisi tulikuwa tunaleta," alisema Dieudonnée, "sababu mulikuwa na kitu yetu, mulikuwa munaichunga. Sasa iko na kitu gani yetu kwako, ya kuchunga?"

 Hawa alisimama mpaka Dieudonnée aliporudi ndani na kuuegesha mlango, bila kuubamiza. Basi aliinama, akamchukua samaki wake na jani lake, akapita tena matopeni, akapanda ngazi za Kalonda jiwe baada ya jiwe hadi nyumbani. Wajukuu walikuwa wameamka na njaa. Alimpasua, akatuma mmoja chumvi, akampika. Watoto waliposhiba walimbakizia kipande cha kichwa, kama mtu mzima anavyostahili, naye akakila.